Wati za Chumba cha Mbele

Abdulrahman hakupiga hodi. Tangu baba yao azikwe alikuwa hapigi hodi, kwa hoja kwamba mtu hapigi hodi nyumbani kwake. Na Naima naye alikuwa hamkaribishi, kwa hoja kwamba mwizi hakaribishwi. Alisimama mlangoni mwa chumba cha mbele, akatoa miwani, akaipangusa kwa upindo wa kanzu, kisha akaenda kuinama nyuma ya kompyuta ya dada yake kusoma kibandiko.

"Mia na hamsini," alisema.

"Ndiyo ileile uliyoisoma mwezi uliopita," Naima alijibu, na vidole vyake havikuacha kupiga chapa. "Au ulidhani imezaa?"

"Cha kwako kizae? Hilo ndilo sijawahi kuliogopa."

Naima alikuwa amevuka arobaini na hakujaaliwa mtoto. Aliendelea kupiga chapa, ila jina la bwana harusi kwenye ile kadi alilikosea, akalifuta, akalikosea tena. Kaka yake aliigeuza printa akasoma mgongo wake, akainua macho kwenye taa ya dari kuhakikisha kuwa bado ni ya sitini, akatoka kama alivyoingia.

Walikuwa watoto wa baba mmoja na mama mbalimbali. Mzee Mwishehe, karani wa bandarini, alijenga nyumba ile ya vyumba sita pale Temeke, na alipofariki sheria ikaigawa bila kona: mwanamume mafungu mawili, mwanamke fungu moja. Abdulrahman akapata vyumba vinne, Naima viwili. Vyumba vyenyewe vikapigiwa kura, na kura ikampa Naima chumba cha mbele, kile chenye dirisha la barabarani, pamoja na kichumba kidogo nyuma yake ambamo alilala.

Hapo ndipo ugomvi ulipoota. Mama yake Abdulrahman aliachwa mwanawe angali mchanga, akarudi kwao Boko naye mgongoni. Kila sikukuu mtoto yule aliletwa Temeke kumsalimu baba, na kila sikukuu alikalishwa barazani, nje ya chumba kile cha mbele, akisubiri kuitwa kama mdai aliyekuja kwa karani. Ndani alimwona Naima anacheza chini ya meza ya baba. Mambo hayo hakuyasema kwa mtu, lakini hakuna aliyehitaji kuambiwa. Alikitaka chumba kile, na kwa kuwa sheria na kura vilimnyima, akatafuta njia nyingine. Njia ikawa waya.

Mita ya umeme ilikuwa ukumbini, juu ya mlango wa chumba cha Abdulrahman, na ubao wa fyuzi ukiwa chini yake. Kabla hata khitma ya marehemu haijasomwa, yeye alikwisha kuiandikisha mita kwa jina lake. Kisha, mwezi wa Ramadhani, fyuzi ya nyumba iliungua jioni moja wakati mkewe Raudha anakaanga sambusa kwenye jiko la umeme. Abdulrahman akasema ni kompyuta. Likaitwa baraza la ukoo, yaani akaitwa baba yao mdogo, Mzee Mudathir, mdogo wa marehemu, mtu wa msikitini na wa maneno machache, ambaye neno lake katika ukoo lilikuwa halirudiwi wala halibadilishwi.

Mzee Mudathir aliwasikiliza wote wawili, akatoa hukumu. Kila chumba katika nyumba ile kisizidishe wati mia nne. Na ili pasiwe na ubishi wa nani anatumia nini, zihesabiwe zile zilizoandikwa kwenye chombo chenyewe. Atakayezidisha, waya wake ukatwe.

Kwa Naima waya ulikuwa ndio roho. Shirika alilokuwa mpiga chapa wake lilikuwa limeuzwa, yeye na wenziwe wakapunguzwa, na kiinua mgongo chake chote kikaishia kwenye ile kompyuta. Waya ukikatwa, ofisi imekufa. Ofisi ikifa, atakula nini ndani ya chumba kitupu? Angemuuzia Abdulrahman, kwa kuwa hakuna mgeni ambaye angenunua chumba kimoja ndani ya ugomvi wa watu.

Lakini siku ile ya hukumu Naima alicheka moyoni. Yeye alikuwa mtu wa ofisini. Hesabu ya kujumlisha isingemshinda. Monita mia moja, printa hamsini, taa sitini. Zilizobaki zikatosha kompyuta yenyewe, alimradi kile kisanduku cha bati kilichomo ndani yake, ambacho mafundi hukiita pawa saplai, kiwe kidogo. Akamtafuta fundi wa mtaani, akamwambia ampatie ndogo kuliko zote. Fundi akampatia ya mia na hamsini. Naima alitembea siku nzima kichwa juu. Alikuwa amemfunga Abdulrahman kwa kamba yake mwenyewe, na wati arobaini za ziada mkononi.

Mwaka huo wa tisini na nane kazi iliongezeka. Mwalimu Rosalia, wa shule moja ya sekondari ya Mtoni, alimletea mitihani ya shule nzima, yenye michoro na ramani. Kompyuta ya zamani haikuiweza. Naima akanunua ubao mpya wa ndani ya mashine, wenye kichwa chepesi, yaani prosesa ya kasi, diski ya pili, na kile kidroo cha kusomea sidii. Kibandiko cha nyuma hakikubadilika, hivyo ukaguzi wa Abdulrahman haukupata kitu.

Mashine ndiyo iliyobadilika. Ikawa ikiwashwa inavuta pumzi na kukata. Ikikubali kuwaka, inakwenda vizuri mpaka sidii ianze kuzunguka, hapo skrini inakuwa nyeusi, kisha inaanza kuhesabu upya tangu mwanzo kama mtu aliyezimia akaamka akiuliza yuko wapi. Mtihani wa jiografia ulipotea. Ukaandikwa upya, ukapotea tena.

"Dada Naima," Mwalimu Rosalia alisema, amesimama na mkoba wake begani, hataki kukaa, "mie wanafunzi wangu wakisema kazi imeliwa na panya nawachapa. Wewe nikufanyeje?"

"Nipe mpaka Jumatano ijayo, mwalimu."

"Jumatano hiyo nakuja na gari. Ama napakia mitihani iliyochapwa, ama napakia karatasi zangu."

Raudha alikuwa dirishani, ameegemea kama aliyelipia kiti. "Wifi," alisema, "hiyo kampyuta yako ina mashetani. Mbona haiwaki mpaka ibembelezwe? Ipigie ngoma."

"Mashetani wa humu nawajua kwa majina, wifi, na wawili wanalala chumba kimoja."

Raudha alicheka, kwa kuwa tusi zuri alilipenda hata likiwa lake, akaenda zake.

Siku ya pili Naima aliifunga mashine kwenye kanga akaipeleka Kinondoni, kwa fundi aitwaye Audax, Mhaya, ambaye watu walimsifu kwa mikono na kumlaani kwa mdomo. Alimkuta ameinama juu ya meza iliyojaa nyaya. Hakuinua kichwa.

"Kwenu hawasalimii?" Naima aliuliza.

"Wanasalimia. Shikamoo. Leta." Alifungua bati kwa bisibisi, akatazama ndani, kisha akamtazama mwenye mashine kwa mara ya kwanza. "Nani kakutia hiki?"

"Nilikitaka mwenyewe. Nilitaka kidogo, kisile umeme."

Audax alicheka mpaka akaketi. Naima alimwacha acheke. Alikuwa amezoea kuchekwa na watu wabaya zaidi.

"Mama, umesoma?"

"Kuliko mamaako."

"Haya. Namba hii siyo inachokula. Ni inachoweza kutoa. Wewe mtu wa Temeke, unawajua makuli wa bandarini. Kuna kuli anayeweza kubeba gunia la kilo mia. Ukimtuma sigara dukani, anarudi na kilo mia za sigara?"

"Anarudi na sigara."

"Na kijana mwembamba ukimtwisha gunia la kilo mia?"

"Anaanguka nalo."

"Basi ndivyo huyu wako anavyoanguka." Alichukua kipande cha boksi akaanza kuandika, akisema kwa sauti kama anayemgombeza mtu. Ubao na kichwa chake, sabini. Diski mbili, na hizo zikishtuka kuamka zinavuta mara mbili ya zinapokwenda. Sidii. Feni. Vidude vingine. Alipopiga mstari chini, jumla ilikuwa mia na arobaini na kitu. "Na hiki chako kimeandikwa mia na hamsini kilipokuwa kipya. Sasa kimezeeka, na joto la humu mjini. Hakiwezi. Huchukui kinacholingana na mzigo, unachukua kinachouzidi mzigo kwa theluthi, kupanda juu."

"Nipe ile, basi," Naima alisema, akionyesha rafu. "Mia tatu. Nimalize maneno."

Audax alitoa ile ya mia tatu na nyingine ya mia mbili na hamsini, akamwekea moja kila mkono. Ile ya mia tatu ilikuwa nyepesi kama kopo la maziwa lililokwisha. Ile nyingine ilimvuta bega.

"Hiyo nyepesi ni mia tatu za gundi," alisema Audax. "Ndani hamna chuma, hamna shaba. Ukiipa kazi ya kweli itakuachia moshi. Hapa namba inaandikwa na anayetaka kuuza. Uzito hauandikwi. Chukua ya mia mbili na hamsini."

Naima hakuiweka chini. Monita mia moja, printa hamsini, taa sitini. Alikuwa amekwisha kujumlisha. Kwa hukumu ya Mzee Mudathir, kisanduku kile kilikuwa kimekwisha kuukata waya wake.

Akamweleza Audax habari ya waya, kwa maneno mafupi. Audax akapata raha kubwa.

"Kumbe ndogo. Nakibandua kibandiko cha mia na hamsini, nakihamishia kwenye hii. Watu wote wa mji huu wananiomba niongeze namba. Wewe utakuwa wa kwanza kupunguza."

Ilikuwa rahisi kiasi hicho. Naima alikitazama kibandiko, kilivyochakaa, kilivyolegea pembeni.

"Hapana," alisema. "Siku kaka yangu atakapokibandua, na yule atakibandua tu, hata haki niliyokuwa nayo itakuwa ya gundi. Nifungie hivihivi."

"Atakukatia."

"Unaweza kuja Temeke Ijumaa?"

"Nikalipwe nini?"

"Utaona ugomvi."

"Hilo nalo ni malipo," Audax alisema.

Naima alirudi, akaiwasha mashine, ikaamka bila kukohoa. Diski zote mbili, sidii inazunguka, skrini haikupepesa. Akachapa mtihani wa jiografia mpaka ramani ya mwisho. Lakini zaidi ya hapo alifanya jambo ambalo hakuna aliyemtuma: alichukua boksi tupu la ile pawa saplai akalisimamisha dirishani, namba ikitazama barabarani.

Abdulrahman aliiona namba ile akitoka dukani kwake, na miwani hakuihitaji. Hakuingia chumbani kwa Naima. Alipita moja kwa moja mpaka ukumbini, na mara taa ya chumba cha mbele ikazimika, na mashine ikazimika.

Naima alimkuta chini ya ubao, fyuzi ya chumba cha mbele imo kiganjani mwake.

"Umezidisha," alisema, na sauti yake ilikuwa karibu ya upole. "Mia nne na sitini. Mie nimesoma madrasa na darasa la saba tu, lakini hiyo naweza."

"Haizidishi. Namba ile ni ya inachoweza, si ya inachokula."

"Ooh. Na pasi imeandikwa elfu moja, nayo inakula inapojisikia?"

 Naima hakuwa amemuuliza Audax habari ya pasi.

"Kaka Abdul, nataka ipimwe. Ijumaa, mbele ya baba mdogo. Kisahani cha mita hakijui mama yangu wala mama yako."

 Uhakika wa Abdulrahman ulikuwa mkamilifu, na mtu mwenye uhakika wa namna hiyo hupenda mashahidi. "Ijumaa," alisema. "Na baada ya Ijumaa nisikusikie tena."

Mzee Mudathir alikuja baada ya sala, akawekewa kiti ukumbini chini ya mita, tasbihi mkononi. Audax alikuja na begi lake. Raudha alikuja kwa kuwa friji lilikuwa lake, na friji lililazimika kuzimwa. Alikuwa anauza barafu za ubuyu na za ukwaju kwa watoto wa shule, friji limejaa vifuko, na alitaka kujua kesi itachukua muda gani.

"Mpaka ukweli utoke," mumewe alimwambia.

"Barafu hazingojagi ukweli, baba Awadh. Zinayeyuka."

Kila kitu kikazimwa, na fyuzi ya Naima ikarudishwa kwa ajili ya kipimo. Kile kisahani cha chuma ndani ya mita kikapunguza mwendo, kikasimama. Audax akarudisha kisanduku cha zamani, cha mia na hamsini, na ili mashine ikubali kuwaka akachomoa diski ya pili na sidii. Kisahani kikaanza kuzunguka. Lilikuwapo doa jekundu ubavuni mwake, na lilipojitokeza Mzee Mudathir akaanza kuvuta tasbihi, punje baada ya punje, kwa mwendo wake wa siku zote. Lilipojitokeza tena, alikuwa amefika kwenye kituo cha kwanza cha shanga. Akashika hapo kwa kidole.

"Weka hiyo nyingine," alisema.

Audax akaweka ile ya mia mbili na hamsini, bila kugusa kitu kingine. Abdulrahman alisogea karibu na kioo cha mita mpaka pumzi yake ikakitia ukungu, akakifuta kwa mkono wa kanzu. Doa jekundu likapita. Punje zikaanza kutembea.  Doa lilipojitokeza tena, kidole cha mzee kilikuwa kwenye kituo kilekile.

Mzee Mudathir alirudia mwenyewe, kwa kuwa alikuwa mtu wa kurudia. Ikawa vilevile. Kisha Audax akachomeka diski na sidii, na kisahani kikaongeza mwendo kwa punje chache.

"Kinachoongeza ni kazi," Audax alisema. "Siyo kisanduku. Sasa pasi, yenyewe haina kazi nyingine zaidi ya kupata moto. Inakula yote iliyoandikwa. Niiwashe niwaonyeshe?"

"Hakuna aliyekuuliza wewe Mhaya," alisema Abdulrahman.

"Mimi nimeahidiwa ugomvi tu, mzee. Endeleeni."

Naima hakufurahi kama alivyotazamia. Alikuwa anakitazama kile kisanduku kidogo kilichochomolewa, kimelala sakafuni na nyaya zake, na kuiwaza mitihani iliyopotea. Abdulrahman hakumlazimisha kununua kile. Alikinunua mwenyewe kwa kiburi, akajumlisha namba zilezile alizojumlisha kaka yake, kwa ujinga uleule.

"Baba mdogo," Abdulrahman alisema, "hukumu yako haikutaja kisahani. Ulisema kilichoandikwa kwenye chombo. Nini kimeandikwa pale?"

Mzee Mudathir aliinua macho. "Mia mbili na hamsini."

"Basi. Mie sishindani na kisahani. Nashika neno lako."

Lilikuwa pigo zuri, na wote walilisikia. Kama mzee angesema kisahani kifuatwe, neno lake lingekuwa limerudiwa, na yeye mwenyewe ndiye aliyelirudia. Mzee alivuta tasbihi kidogo.

"Neno langu nililisemaje, Abdulrahman? Chumba cha Naima, au kila chumba?"

"Kila chumba."

"Raudha mwanangu, jiko lako la umeme limeandikwa ngapi?"

Raudha alimtazama mumewe, akamtazama mzee. "Mie sijui kusoma mambo ya umeme."

"Fundi atakusomea."

Audax alikwisha kuinama jikoni. "Elfu moja na mia tano," alisema kutoka huko. "Na pasi elfu. Friji mia mbili, na hilo lina jasho la aibu."

"Kila chumba mia nne," Mzee Mudathir alisema. "Jiko hilo peke yake, ndani ya chumba kimoja, ni elfu moja na mia tano. Tukifuata kilichoandikwa, Naima amezidisha sitini, na wewe umezidisha elfu na zaidi. Nikate nyaya zote mbili? Au tufuate kisahani? Chagua. Ukichagua, neno litakuwa lako, si langu."

Uso wa Abdulrahman ulibadilika. Kwa muda kidogo alionekana kama mtoto aliyekalishwa nje, anasubiri kuitwa. Kisha akanyoosha mkono, akaishusha swichi kubwa, akaitoa fyuzi kuu ya nyumba, ile ya kaure nyeupe, akaitia mfukoni mwa kanzu.

"Mita ni kwa jina langu," alisema. "Nimechagua. Nyumba haitawaka, chumba chake wala changu. Tuone nani atachoka."

"Na barafu zangu?" Raudha aliuliza.

Mumewe alikuwa amekwisha kutoka nje.

Basi nyumba ya Mzee Mwishehe ikakaa bila umeme. Jumamosi Raudha aliwauzia watoto barafu zilizolegea kwa nusu bei. Jumapili aliwagawia bure. Baada ya hapo alimwaga ndoo ya ubuyu uani, akaipiga ndoo ile teke mpaka ukutani. Abdulrahman alikula kwa taa ya chemli na kusifu mwanga wake.

Naima alikaa mlangoni mwa ofisi yake, mashine kimya nyuma yake. Wateja walifika, wakatazama, wakaenda kwa wengine. Jumatatu Mzee Mudathir alikuja, akakaa bila raha, akasema ametumwa.

"Anasema atakinunua chumba. Bei nzuri. Anasema chumba cha giza hakikufai kitu."

"Mwambie kinanifaa. Nitakijaza mkaa, niuze kwa debe. Dirisha la barabarani ni zuri kwa mkaa. Na vumbi lake, upepo ukivuma, linakwenda ukumbini kwake, kwenye kanzu zake zile."

"Niseme hivyo hivyo?"

"Na kwa sauti yangu, ukiweza."

Mzee alipoondoka, Naima aliingia ndani akafunga mlango, akakaa kwenye kiti cha ofisi, mikono juu ya vidude vya kupigia chapa. Mkaa hakuujua. Alikuwa na mitihani mitatu ambayo haijachapwa, na Jumatano ilikuwa keshokutwa. Kama Rosalia angeondoka na karatasi zake, ndiyo ofisi imekwisha. Na alijua kwamba siku hiyohiyo mzee angerudi na bei ileile, na kwamba mara hiyo asingekuwa na neno la mkaa mdomoni.

Jumanne, jua likiwa limepanda na Abdulrahman yuko dukani kwake, feni ya kompyuta ilinguruma.

Naima alidhani amesikia vibaya. Kisha taa ya dari ikawa inawaka. Alitoka ukumbini. Raudha alikuwa amesimama juu ya kiti chini ya ubao, mikono yake imejaa povu la sabuni mpaka kwenye viwiko, anaifuta swichi kubwa kwa upindo wa kanga.

"Usiguse umeme na maji, wifi, utakufa," Naima alisema.

"Utafurahi."

"Nitafurahi, lakini mashine itazimika."

Raudha alishuka. "Nimeitumbukiza kanzu kwenye beseni, nikasikia kitu kinagonga. Fyuzi imo mfukoni. Anajidai kaificha. Mume gani anaficha kitu kwenye nguo ambayo mkewe ndiye anayefua?" Akakung'uta povu. "Na usidhani nimekupenda. Mie barafu zangu zina wateja."

"Wala sijaomba kupendwa."

"Hivyo ndivyo. Na hilo boksi lako litoe dirishani, linaniudhi kila nikipita."

Naima alilitoa. Kisha alikaa akapiga chapa bila kuinuka. Fizikia ikaisha, hisabati ikaisha. Alasiri ilipoingia alikuwa katika kurasa za mwisho za historia, na alimsikia Abdulrahman anaingia ukumbini, hatua zake zikikatika ghafla, kwa kuwa friji lilikuwa linanguruma.

Ukuta ulikuwa mwembamba. Naima alisimamisha vidole.

"Nani karudisha?"

"Mie," ilisema sauti ya Raudha. Ilitoka chini, kama ya mtu aliyekaa. Naye alikuwa amekaa kweli, amekiweka kiti chake chini ya ubao wa fyuzi na ungo wa mchele mapajani.

"Inuka hapo."

"Nachambua mchele."

"Raudha, inuka, niitoe."

"Itoe. Nitainuka, uitoe, halafu nikifungasha uende chumba cha mbele ukamwombe dada yako akupikie. Mie nilikwambia nimeolewa na mtu, sikuolewa na mita."

Mchele ulipepetwa, ukatulia, ukapepetwa tena. Naima alingoja giza. Mkono wake ulikuwa umekwisha kuigusa diski ya kuhifadhia, tayari kuichomoa.

"Basi sawa," Abdulrahman alisema mwishowe, kwa sauti ya juu ili ivuke ukuta. "Awashe. Lakini kuanzia leo yule mwanamke asinisalimie."

"Kwani alikuwaga anakusalimia?" Raudha aliuliza.

Naima aliibonyeza printa, nayo ikaanza kukereza mtihani wa historia, ukurasa baada ya ukurasa, kwa kelele ambayo jibu la kaka yake halikuweza kuipenya.